Katekista Aliyeogopa Kidonge

Katekista hakubisha hodi mara mbili. Alisema "Hodi" moja tu, kwa sauti ile ile ya kusomea masomo ya Jumapili, kisha akasimama uani kwako, mikono nyuma, mpaka umfungulie. Ukichelewa, anangoja. Ukijifanya haupo, anangoja vile vile. Nilipohamia Katindiuka kufundisha shule ya msingi, nilimkuta hivyo mlangoni siku ya kwanza kabisa, mvua inamnyeshea, amekuja kuniuliza kama nimebatizwa. Nikamjibu kwamba nimebatizwa.

"Vizuri," akasema. "Basi Jumamosi njoo utusaidie kufagia kanisa, Mwalimu." Akaondoka.

Tukawa majirani kwa miaka mingi, uzio wa michongoma katikati yetu. Kila mtu alimwita Katekista. Hata mke wake, ambaye sisi tulimwita Mama, alimwita hivyo hivyo, na zaidi wakigombana. Padre alifika kigangoni kwetu kwa nadra, kwa hiyo siku nyingi za mwaka Katekista ndiye aliyekuwa kanisa lenyewe. Aliongoza ibada, alifundisha watoto wa komunyo, alizika. Siku za masika alivaa shati jeupe lililopigwa pasi na chini mabuti ya mpira, akaingia nayo mpaka mbele ya altare, matope na yote. Watoto aliwafundisha kwa ukali uliotisha, lakini aliwaruhusu kutafuna miwa darasani, na makapi aliyafagia mwenyewe wakishaondoka.

Kuogopa hakujui, ndivyo tulivyoamini. Mwaka mmoja mto ulipofurika sana, mzee mmoja alifia ng'ambo ya maji, na vijana wakakataa kuvuka kwa sababu ya mamba. Katekista akafunga kitabu chake cha ibada ndani ya mfuko wa plastiki, akakishika juu ya kichwa, akaingia majini peke yake. Vijana waliona aibu wakamfuata. Alirudi jioni miguu imejaa ruba, anacheka. Mama alipomfokea, akamjibu, "Mamba naye ana siku zake za kufunga."

Mtu huyo huyo, wauguzi wa chanjo walipopita kijijini, alijifungia chooni mpaka walipoondoka. Sindano, vidonge, harufu ya hospitali, vyote hivyo vilimtoa jasho. Cha kuchekesha ni kwamba hakuna aliyewasumbua wagonjwa kuhusu dawa kuliko yeye. Ukianza kujisikia nafuu ya malaria ukaacha vidonge mezani, atasimama kando ya kitanda chako akuambie, "Dozi ni kama rozari. Huachi katikati."

Alikuwa na msemo mwingine, na huu sikuupenda. "Huzuni ni utovu wa shukrani." Aliusema kanisani, aliusema msibani. Katika jumuiya yetu kulikuwa na dada mmoja aliyefiwa na mtoto, akawa haamki kitandani. Katekista alikwenda, akasimama mlangoni, akamwamuru ainuke aimbe. Yule dada aliinuka, akaimba huku machozi yanamtiririka mpaka kidevuni. Katekista alirudi nyumbani ameridhika. Mama hakumsemesha siku nzima.

Ugonjwa ulipomjia yeye hatukuutambua, kwa sababu haukumlaza. Ulianza masika. Kwanza aliacha kutania. Kisha akaanza kuacha chakula. Mama anapika wali na perege, yeye anamega tonge moja, analitazama, analirudisha. Usingizi ukamkimbia. Mpunga wake ukakomaa, ndege wakashuka makundi kwa makundi, naye amekaa kwenye kigoda kando ya shamba na kopo la kupigia kelele mapajani, halipigi. Mimi nilipita nikamsalimia, "Shikamoo, Katekista." Akachukua muda mrefu kunitazama, kama mtu anayejaribu kukumbuka kitu hicho hujibiwaje.

Mama akamburuta zahanati, wakamtibu malaria. Wakamtibu taifodi. Mgongo ulimuuma, Mama akawa anamnunulia vidonge vikali vya maumivu duka la dawa na kumsimamia avimeze, siku akiwa na kazi nzito. Mtoto wao mkubwa wa kiume, dereva wa trekta shambani Mngeta, alikuja na mizizi ya mganga imefungwa kwenye karatasi, akasema baba amechezewa na watu wanaoutaka ukatekista. Jumapili moja Katekista alisimama mbele yetu kuongoza sala, akafungua kinywa, na sala haikutoka. Tulidhani anapumzika. Kimya kikarefuka. Mama akatoka kwenye benchi lake, akamshika mkono akampeleka nje, na sisi tukaimba wimbo wowote ule kwa sauti ya juu ili tusisikie kilichokuwa kinaendelea huko nje.

Siku chache baadaye alikuja kwangu mchana. Nilikuwa nachambua mchele. Hakusema hodi. Nilipoinua kichwa alikuwa amesimama pale, sijui tangu saa ngapi.

"Mwalimu," akasema, "Mungu amenyamaza."

Nikamvutia kiti. Hakukaa.

"Na mimi nimechoka kuwa hai. Usimwambie Mama."

Ungo uliteleza mapajani, mchele ukamwagika wote, na hakuna kati yetu aliyeutazama. Nilitaka kumpa neno la faraja, na maneno yote niliyokuwa nayo alikuwa amenifundisha yeye. Nikamwambia ukweli, "Katekista, umenitisha. Jambo hili siwezi kulificha. Nitamwambia Mama sasa hivi, nawe utakaa hapa unisikie nikimwambia." Nilitegemea atakasirika. Alikaa chini, palepale sakafuni kwenye mchele, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Nikamwita Mama juu ya uzio, nikamwambia mbele yake.

Tulimpeleka hospitali mjini Ifakara kesho yake asubuhi, sisi watatu ndani ya bajaji. Daktari wa kliniki ya afya ya akili alikuwa dada mdogo kiumri, angeweza kuwa mjukuu wake. Alimwamkia kwanza. Kisha akauliza maswali bila haraka, na moja lilimfanya Mama ashike kifua.

"Mzee, umewahi kufikiria kujiua?"

"Daktari!" Mama akadakia. "Maneno kama hayo si ndiyo yanayoita balaa?"

"Kumuuliza hakumtii wazo hilo, Mama. Kama lipo, lipo tayari. Afadhali asiwe nalo peke yake."

Katekista akaitikia kwa kichwa. Ndiyo, amefikiria. Daktari akataka kujua mengine: kama anakunywa pombe, kama ana presha au ugonjwa wa moyo, kama kuna kipindi chochote maishani alichokaa siku nyingi bila kulala, amejaa furaha na nguvu kupita kiasi, anaongea bila kituo. Mama akafikiri sana kabla ya kusema hapana. Daktari akaeleza kwamba jibu hilo ni muhimu, maana mtu mwenye vipindi vya namna hiyo akipewa dawa hii peke yake inaweza kumrusha huko juu. Akatuomba tutoe kila kitu anachotumia, hata cha dukani, hata cha miti shamba. Mama akafungua mkoba, akaweka mezani vile vidonge vya mgongo na ile karatasi ya mizizi.

Daktari akavisogeza vya mgongo kando. "Hivi visikutane na dawa nitakayokupa. Vikikutana mwilini vinaweza kuleta homa, kutetemeka, hata degedege. Nitakupa dawa nyingine ya mgongo. Na hii mizizi siijui, kwa hiyo siwezi kukuambia ni salama. Iache."

Kisha akatuonyesha kidonge chenyewe. Kilikuwa kidogo, cha kawaida kabisa. Katekista alikitazama kama vijana wale walivyotazama maji yenye mamba.

"Nitakuwa zezeta?" akauliza.

"Hapana, Mzee. Lakini sitakudanganya kwamba utapona kesho. Tunaanza na dozi ndogo. Siku za mwanzo unaweza kusikia kichefuchefu, kichwa kuuma, tumbo kuchafuka. Mara nyingi huisha. Nafuu yenyewe huchelewa, wiki kadhaa." Akatugeukia mimi na Mama. "Sasa nisikilizeni nyinyi. Hizi wiki za mwanzo ndizo za kuangaliwa. Wengine mwili unapata nguvu kabla roho haijapata matumaini. Mkiona hatulii, hawezi kukaa, ana hasira zisizo zake, au yale mawazo yamezidi, msingoje siku ya kliniki. Mleteni. Asiachwe peke yake. Vidonge avitunze Mama, ampe kimoja kimoja. Dawa za kupulizia shambani na kitu chochote cha hatari vitoke nyumbani. Na asiache dawa ghafla, hata akijiona mzima, mpaka tuzungumze."

Akampa Katekista namba ya simu ya kliniki, na yangu akaiandika kwake. "Na wewe Mzee, ukiona hali inageuka, njoo wewe mwenyewe. Saa yoyote. Hata kama hujui utasema nini."

Nimewahi kukaa na wagonjwa. Nimewahi kukaa na marehemu. Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa wiki zile, kwa sababu tulichokuwa tunakilinda hakikuwa na umbo. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo nilishinda kwao. Zile dawa za shamba nilizihamishia kwa mwenyekiti wa jumuiya, afungie stoo kwake. Mama aliweka vidonge ndani ya kanga aliyojifunga kiunoni, akatembea navyo, akalala navyo. Katekista akienda chooni, tulihesabu pumzi. Akifunga mlango, mmoja wetu alikumbuka ghafla kwamba ana kazi upande ule wa nyumba. Yeye alijua. Kutotufukuza kwake kulituogopesha zaidi.

Siku ya kwanza alikishika kidonge kiganjani mpaka kikaanza kuyeyuka. Mama akamkumbusha kwa upole, "Si wewe uliyesema dozi ni kama rozari?"

"Nilisema mengi," akajibu. Akameza.

Alitapika. Kichwa kikamuuma. Mtoto wao alipiga simu kutoka Mngeta, akafoka mpaka nikamsikia nikiwa uani: hospitali inamuua baba yake, waache sumu hiyo, yeye anakuja kumchukua. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Njoo. Lakini ukija, njoo kukaa naye zamu. Kama huji kukaa zamu, baki na trekta lako." Alikuja siku mbili, akakaa, akaona. Wakati wa kuondoka alisimama na mimi nje, macho mekundu, akasema, "Mwalimu, nilifikiri ni maneno tu. Baba ananiangalia kama haamini kwamba nipo."

Wiki ya pili ikaja ile hali tuliyoambiwa. Katekista hakuweza kukaa. Anaketi, miguu inamwinua. Anazunguka nyumba, anakwenda kwenye uzio, anarudi, mikono anaisugua kwenye mapaja. Nguvu zimerudi, ndiyo, lakini usoni hakuna mtu. Nilipomuuliza anajisikiaje, alinijibu kwa ukali ambao haukuwa wake. Nikamwambia Mama, "Kesho tunampeleka, hata kama siku yenyewe haijafika." Mama akakubali. Tuliona kesho ni karibu.

Kesho yake asubuhi nilikuja mapema. Mama alikuwa jikoni anamkorogea uji, na alimwacha amekaa kizingitini anamwona. Akageuka kuepua sufuria. Alipogeuka tena, kizingiti kilikuwa kitupu, na baiskeli haipo.

Sitaki kuyaeleza sana yale masaa. Nilikimbilia kigangoni, mlango una kufuli. Nikakimbilia shambani kwake. Watu walikuwa wanavuna, wamejipanga na mundu, wanaimba, na nilipouliza kama wamemwona, wimbo ulikatika kuanzia mwisho mmoja wa mstari mpaka mwingine. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Wanaume wakaziacha mundu wakaelekea njia ya mtoni, hawasemezani. Mama alikuwa amesimama katikati ya barabara, mwiko bado mkononi, anamuuliza kila anayepita, "Hujamwona Katekista? Amevaa shati jeupe." Hata kama mtu alikuwa anatoka upande wa Mahenge, hajawahi kumjua Katekista maishani mwake, alimuuliza.

Simu yangu ikaita. Namba siijui. Niliitazama ikiita mkononi, nikashindwa kuipokea, maana kabla sijaipokea bado alikuwa hai. Mama akasema, "Pokea." Nikapokea.

"Ni Mwalimu?" Ilikuwa sauti ya dada mdogo, nikaitambua. "Katekista yuko hapa kliniki. Amekuja kwa baiskeli. Ni mzima. Mwambie Mama, kwanza kabisa, ni mzima."

Nikampa Mama simu asikie mwenyewe.

Tulimkuta amekaa kwenye benchi la wagonjwa, mabuti miguuni, shati limelowa jasho, kikombe cha chai kimeshikwa kwa mikono miwili. Alipotuona alianza kulia, na hakuficha uso.

"Yalinizidi," akasema. "Nilipanda baiskeli sijui naenda wapi. Nilipofika njia panda nikaogopa. Niliogopa sana, Mama. Nikaona afadhali niogopee hapa."

Mama alikaa karibu yake akamfuta uso kwa ncha ya kanga. "Umefanya vizuri kuogopa," akamwambia. Alilisema mara nyingi, kama anayembembeleza mtoto. Umefanya vizuri. Umefanya vizuri kuogopa.

Walimlaza siku kadhaa. Daktari alisema ule mwili kutotulia ni dawa, si yeye, na kwamba mwanzo wake ulikuwa mgumu kuliko wa wengi. Wakambadilishia dawa, wakaanza tena taratibu chini ya macho yao, wakampa na kitu cha kumsaidia alale. Daktari alikaa naye kila siku wakazungumza, na nadhani mazungumzo yale nayo yalikuwa dawa. Padre alikuja kumwona. Katekista akamwambia mbele yetu kwamba hawezi kusali. Padre akasema, "Basi tutasali sisi. Wewe pumzika, hiyo ndiyo kazi yako kwa sasa." Nilimpenda Padre siku ile.

Kupona kwake hakukuwa na siku. Kulikuwa na vitu vidogo ambavyo mimi na Mama tulinong'onezana kama wezi. Leo amemaliza sahani. Leo ameuliza bei ya mpunga. Leo amemkemea mbuzi. Kisha siku mbili za giza, na hofu ile ile inarudi kama haikuwahi kuondoka. Mara moja alijiona mzima akasusa kidonge. Kizunguzungu kikamshika, akalia bila sababu, na Mama akampigia daktari mwenyewe bila kuniambia. Kuanzia hapo alimeza.

Aliporudi kufundisha watoto, ukali ulikuwa umepungua, lakini haukwisha. Ule msemo wake wa huzuni sikuusikia tena. Jumapili moja, baada ya ibada, nilimwona amemfuata yule dada aliyefiwa na mtoto mpaka nyumbani kwake. Sikusikia walichosema. Niliona tu kwamba alisema hodi, na mlango ulipofunguliwa hakusimama mlangoni kama zamani, aliinama akaingia ndani, akakaa.

Mimi baadaye nilihamishiwa shule ya Malinyi. Tukawa tunaonana kwa nadra. Mara ya mwisho ilikuwa mwaka jana, nilipokuja Ifakara kwa shughuli zangu nikapitia kwao. Amezeeka. Ndevu zimekuwa nyeupe zote. Mama alitupikia kambale, tukala watatu, na Katekista alikula vizuri, akanilazimisha niongeze. Kisha akafuta mikono akasema jambo ambalo nadhani alikuwa amelisubirisha tangu nilipoingia.

"Mwalimu, daktari anasema nimekaa vizuri muda mrefu. Anataka tuanze kupunguza dawa. Kidogo kidogo, kwa miezi. Anasema yakirudi, tutarudisha dozi, si aibu."

"Na wewe unasemaje?"

Akatazama nje. Uani kulikuwa na kuku wanagombania punje. Nilimtazama mtu aliyewahi kuingia kwenye maji yenye mamba na kitabu juu ya kichwa.

"Naogopa," akasema. "Kukianza kidonge niliogopa, na kukiacha naogopa."

Nilitaka kumwambia hakuna cha kuogopa. Nikakumbuka kwamba mimi pia moyo wangu ulikuwa unakimbia tangu aliposema neno kupunguza. Nikamwambia, "Hata mimi naogopa, Katekista." Mama alikuwa anakusanya sahani. Bila kutugeukia akasema, "Tuko watatu basi."

Jioni ilipokaribia alisimama. Watoto wa kipaimara walikuwa wanamngoja kigangoni. Akavaa mabuti, akachukua kitabu, akaniaga, "Uende salama, Mwalimu. Wasalimie Malinyi." Akashika njia. Mama alingoja kidogo, akavuta kanga mabegani, kisha akatoka na yeye, akamfuata kwa nyuma, mbali kiasi, kama mtu aliyetoka tu kutazama mpunga wa jirani. Nilielewa kwamba hufanya hivyo kila siku.

Nilisimama kwenye uzio nikiwaangalia. Walipofika kwenye mfereji Katekista alisimama. Hakugeuka.

"Mama," akaita, kwa sauti ile ya masomo ya Jumapili, mimi huku nikaisikia vizuri. "Njoo tutembee pamoja. Kufuatwa nyuma nyuma kunanichosha."

Mama akasimama, kama mtu aliyekamatwa. Kisha akapandisha kanga, akakimbia kimzee mzee mpaka alipomfikia.